Usiku Usiopoa

Bei ya gunia ilipopanda mara ya tatu kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama,
niliapa: viazi vya karai yangu nitavipanda mwenyewe.
Nyuma ya nyumba, Mtopanga, nina kiwanja
upana wake mikeka sita,
mchanga mweupe, mnazi mmoja, na choo cha zamani kilichofukiwa.
Nikasema, pale pana rutuba, na asinicheke mtu.

Mbegu nilizitoa gunia lile lile la kukaanga,
vile vilivyoota macho, vikanitazama.
Masika ya kwanza nikavifukia kimoja kimoja
kama bibi arusi afichaye dhahabu zake.

Na vikaota! Wallahi, vikaota.
Majani yakanifika magotini, kisha mapajani.
Swafiya wa jirani akachungulia juu ya ua:
"Zuena, mwaka huu hutashikika."

Siku ya tisini nikachimba.
Shina la kwanza: mizizi.
La pili: mizizi, na mdudu mmoja mnene, ameshiba.
Kiwanja kizima kikanipa viazi kumi na kimoja,
kila kimoja kadiri ya gololi.
Mwanangu Mwamburi akavitia mfukoni, akaenda kuchezea.

Nikadhani nimekosea mwezi.
Nikangoja kusi, Julai, wakati hata sisi
hujifunika kanga mbili alfajiri.
Nikanywesha maji ya kisima, yenye chumvi kidogo, sikujali.
Majani tena.
Majani, kama ahadi za wakati wa kura.

Gachohi ndiye aliyenifungua macho, Kongowea, saa kumi za usiku,
akishusha magunia kutoka Nyandarua,
bado yumo ndani ya koti la huko alikotoka.
"Hebu niambie, waru hupandwa mwezi gani?"
Akafuta shingo. "Mwezi gani, au wapi?"
"Nimeuliza mwezi."
"Mama, mwezi bila mahali ni tarehe tu."

Akaeleza, mguu mmoja juu ya gunia:
mchana majani hupika kwa jua,
usiku huteremsha akiba chini, ghalani.
Lakini kwanza usiku upoe.
Usipopoa, chakula chote huishia juu, kwenye majani,
kama mshahara wa kijana apendaye nguo.
"Na usiku wenu hapa haupoi. Hata kuta zinatoka jasho."
Nikaukumbuka ukuta wa chumba changu.
Kweli, unatoka.

Husemwa mchagua jembe si mkulima.
Sawa. Na asiyechagua udongo, yeye ni nani?

Ndipo nikakumbuka Werugha, juu kule Taita,
alikozaliwa marehemu, alikozikwa,
nisikokanyaga tangu matanga, kisingizio changu baridi.
Nikampigia mama yake, Bi Mghoi.
Hakuniuliza nilikuwa wapi miaka minne.
Alisema: "Mvua za Machi huku zina baka,
majani huungua kama yamemwagiwa chai.
Njoo na za vuli, Oktoba katikati,
udongo ukishalowa mara mbili, si mara moja.
Na mbegu usinunue za kukaanga.
Shamba lipo. Mimi ndiye sina magoti."

Jana nikatafuta sweta.
Muuza mitumba alicheka hadi akakalia bidhaa zake.
"Mombasa hii, bibi? Unaumwa?"
Nikalibeba hadi kibandani, zito, la kijivu, vifungo viwili vimepotea,
nikalivaa palepale mbele ya karai, saa saba mchana,
mafuta yakitokota, manjano vidoleni,
nione tu kama mikono inafika.

Inafika.
Nikasimama nalo. Jasho likaanza kwapani,
likateremka mgongoni, likajaa kiunoni,
wateja wananitazama, ukwaju mkononi,
na mimi, kwa mara ya kwanza, nikavihurumia vile kumi na kimoja,
vilivyolala miezi mitatu chini ya mchanga wangu
vikingoja mtu afungue dirisha.